Bango Lililowachekesha Mababu

Gazeti moja la kisiwani liliandika kwamba shemeji yangu, Weng Jinzhan, aliwadanganya mababu wa ukoo wetu kwa kutumia kipande cha msasa. Sikujibu wakati ule. Marehemu mume wangu alikuwa mkuu wa shule, na nyumbani kwetu hatukuwa na mazoea ya kujibizana na magazeti. Lakini sasa wajukuu wameanza kuulizwa darasani, na aliyeandika hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo, nimesimama hatua tatu kutoka madhabahuni. Basi nitasimulia ilivyokuwa, na habari ya msasa nitaieleza itakapofika mahali pake.

Jinzhan ni mdogo wa mume wangu. Ana miaka sitini na sita, mfupi, mpana wa mabega, na kazi yake ni kutengeneza tambi nyembamba za kuanika kwenye upepo. Asubuhi yoyote isiyo na mvua utamkuta uani anavuta unga kati ya fito mbili mpaka tambi zinakuwa ndefu kuliko mtu, halafu anaziacha zipepee zikitazama bahari. Ng'ambo ya bahari hiyo ni mji wa Xiamen, ulio bara, nchi nyingine au nchi hiyohiyo, inategemea unamuuliza nani na yuko wapi. Hewa ikiwa safi unaweza kuhesabu madirisha ya maghorofa yao. Utotoni mwa Jinzhan walikuwa wanatupiga mizinga siku moja na kupumzika siku moja, na watoto walipanga michezo yao kwa ratiba hiyo. Siku hizi wanatuletea watalii. Wakikasirika, watalii wanakatika, zinakuja meli za kuchota mchanga. Sisi watu wa kisiwa hiki cha Kinmen tumezoea. Ukifungua dirisha asubuhi unajua hali ya hewa na hali ya siasa kwa mara moja.

Kijijini kwetu Houkeng wanamwita Waziri wa Mambo ya Nje. Jina hilo lilianzia kwenye ukuta wa nyumba yake. Ukuta ule unatazama barabara kuu, na kila uchaguzi vyama vyote vinautaka kwa picha za wagombea wao. Mtu mwingine angechagua chama kimoja akaishi kwa ugomvi na nusu ya kijiji. Jinzhan aliwapa watu wa chama cha bluu nusu ya kulia, wa chama cha kijani nusu ya kushoto, na alipokuja mgombea asiye na chama, akampa dirisha la jikoni. Mkewe, Baozhu, alipika miezi miwili gizani, nyuma ya uso wa mtu anayetabasamu. Nilipomuuliza shemeji atampigia kura nani, alinijibu, "Mimi nawatakia wote afya njema."

Kisha ikaja ile ndege ndogo isiyo na rubani. Ilitoka ng'ambo mchana kweupe ikaelea juu ya tambi zake, ikizipiga picha. Baozhu alimkuta mumewe katikati ya uwanja, mkono mmoja unaipungia ile ndege kwa adabu, mkono wa pili umeshika simu, anawaelekeza wanajeshi wetu mahali ilipo. Alipogombezwa alisema hakuona sababu ya kumkosea adabu mgeni kwa kuwa tu unamshitaki.

Watu hucheka wakisimulia hayo, nami sikatai kwamba yanachekesha. Lakini wasiomjua hudhani ni mtu asiye na msimamo. Jinzhan alikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulikwepa, nalo ni la baba yake mkubwa.

Mwaka ule vita vilipofika baharini kwetu, mama mkwe wangu alikuwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Asubuhi moja alimwomba Ruichen, kaka wa mumewe, akienda Xiamen kuuza nguruwe amnunulie uzi wa pamba. Ruichen alipanda mashua asubuhi. Kabla jua halijazama, upande ule ulikuwa umeshachukuliwa na jeshi lingine, na bahari ikafungwa. Akawa upande ule, sisi upande huu, na hakuna barua iliyovuka kwa miaka karibu arobaini. Bahari ilipofunguliwa, tukasikia tu kwamba alikwisha kufa. Lini, hakuna aliyetuambia. Na bila tarehe ya kifo, jina la mtu haliandikwi kwenye kibao cha mbao cha marehemu, na bila kibao hana nafasi katika ukumbi wa mababu. Sherehe zote za kuwalisha wahenga, kila majira ya baridi, Ruichen alikuwa nje.

Mama hakulia mbele za watu kwa jambo hilo. Alisema tu, kila mwaka wakati tunakunja meza, "Mimi ndiye niliyemtuma."

Sasa ukumbi wetu ulikuwa umeoza paa, ukoo ukaamua kuujenga upya. Kazi ilichukua miaka minne. Mtaalamu wa majira, mchaguzi wa siku na saa njema, aliyeitwa kuutazama alisema vibao vyote vitarudishwa kwenye rafu za kabati lao siku ya katikati ya baridi, mwaka wa Joka, kabla ya saa tano asubuhi, na kabati likishafungwa kwa gundi na karatasi nyekundu lisiguswe tena kwa miaka sitini. Mama wakati huo alikuwa na miaka tisini na minne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeifanya. Jinzhan alikwenda akakaa mbele ya kiti chake, akamwambia kwamba baba mkubwa ataingia kabla mlango haujafungwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoa jibu la moja kwa moja tangu azaliwe, ilikuwa kauli nzito, na Mama alimtazama kama anayetafuta homa usoni pake.

Tarehe ya kifo ilikuwa kwa ndugu zetu wa ng'ambo. Ni ukoo uleule wa Weng, babu mmoja, ila wao walibaki bara na sisi tukaja kisiwani miaka mia sita iliyopita. Wao ndio waliomzika Ruichen. Jinzhan akawaandikia kuwaalika kwenye sherehe na kuwaomba tarehe.

Barua hiyo aliiandika siku nne, nami niliisoma kabla haijatumwa kwa sababu mwandiko wake ni wa kuvuta tambi. Tatizo la kwanza lilikuwa mwaka. Sisi tunahesabu miaka kwa Jamhuri yetu, na mwaka ule ulikuwa wa mia na kumi na tatu. Wao kwenye karatasi za serikali hawautambui mwaka huo, kwa kuwa kwao Jamhuri hiyo ilikwisha kufa zamani. Ukiandika wa kwao, vijana wetu watasema umejisalimisha. Jinzhan akaandika "Mwaka wa Joka". Joka halina uraia. Tatizo la pili lilikuwa nchi: kutoka wapi kwenda wapi? Akaandika, "Kutoka kwa ndugu wa upande huu wa maji kwenda kwa ndugu wa upande huo wa maji." Nilisahihisha nukta mbili tu.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, la furaha kubwa. Watakuja watu arobaini. Tarehe ya kifo cha Ruichen wanayo na wataileta wenyewe. Na wataleta zawadi, bango la mbao la kutundikwa juu ya mlango wa ndani, na wametuambatanishia picha yake. Lilikuwa bango zuri, sina budi kusema. Maneno manne makubwa ya dhahabu yalisema Damu Moja Mzizi Mmoja, na nani angebishana na hilo? Ila pembeni, kwa herufi ndogo, lilisema limetolewa na ofisi fulani ya wilaya yao kwa ndugu wa Kinmen, "kisiwa cha mkoa wetu".

Chini kabisa ya barua kulikuwa na mstari mmoja: tarehe itakabidhiwa bango likishatundikwa.

Ukoo ulikutana, wakuu wa nyumba hamsini na saba. Nusu ya kwanza walisema ni herufi ndogo tu, nani atapanda ngazi kuzisoma. Nusu ya pili walisema ukitundika leo maneno kwamba wewe ni kisiwa cha mkoa wao, kesho wanakuja kukusanya mikoa yao. Mzee mmoja mvuvi wa chaza alitaka msumeno ukate ile pembe. Tukapiga kura, maana sisi hata rangi ya vigae tulipigia kura. Ishirini na nane walitaka litundikwe, ishirini na nane walikataa, na karatasi moja ilikuwa tupu. Sikuuliza ni ya nani. Niliutambua mkunjo wake.

Serikali yetu nayo ilikuwa imetoa sehemu ya gharama za paa, kwa hiyo ilikuwa na neno. Ndani ya miaka minne ya ujenzi ule tulifanya uchaguzi mkuu mmoja na wa wilaya mmoja, na baada ya kila uchaguzi alikuja ofisa mpya na orodha mpya ya maneno yanayoruhusiwa. Wa mwisho alikuwa Bwana Fan kutoka makao makuu Taipei, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mkoba usiomtoka mkononi. Alitueleza maagizo yake kwa uaminifu. Bango lisitundikwe, kwa sababu hapo tutakuwa tumekubali. Lisikataliwe, kwa sababu hapo tutakuwa tumechokoza, na wakubwa wanaotulinda kutoka mbali hawapendi mtu anayechokoza. Na yeye mwenyewe asionekane kwenye picha moja na wageni wale.

"Sasa, Bwana Mkuu," Jinzhan akamuuliza, "tufanye nini nalo?"

Bwana Fan alifungua mkoba, akatazama karatasi, akaufunga. "Mtumie busara ya wenyeji," alisema.

Siku moja kabla ya sherehe wageni walishuka bandarini kutoka meli ya nusu saa. Kiongozi wao alikuwa Weng Shaobo, kijana wa miaka thelathini na mitano, amepaka nywele mafuta, mpole, naibu katika ofisi ileile iliyotoa bango. Nilimwona akimtafuta kwa macho mzee wa kumwinamia. Kabla hajampata, Jinzhan alikwisha kumwinamia yeye, mpaka kiunoni.

"Karibu, Babu," alisema.

Kijana alishtuka. Lakini haikuwa dhihaka. Katika ukoo wetu watu hupangwa kwa vizazi, umri hauhesabiwi, na Shaobo alizaliwa katika tawi la wadogo wa mwisho, waliochelewa kuoa vizazi vingi mfululizo. Yeye ni wa kizazi cha ishirini na mbili. Jinzhan ni wa ishirini na nne. Kwa hesabu ya ukoo, mtengeneza tambi wa miaka sitini na sita ni mjukuu wa yule kijana, na toka dakika ile hakumwita jina lingine. Babu, ingia garini. Babu, onja chaza. Babu, angalia ngazi. Usiku, Shaobo aliniomba pembeni nimsihi shemeji amwite kwa jina tu. Nilimwambia kwa bahati mbaya hilo halimo katika uwezo wangu, mimi nami ni mke wa mjukuu wake.

Asubuhi ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka uani. Vibao mia tatu na zaidi vilikuwa rafuni, vimepangwa kwa vizazi, na katika safu ya ishirini na tatu fundi alikuwa ameacha nafasi ya vidole vinne. Kibao cha Ruichen kilikuwa mezani, kimechongwa, kimepakwa rangi, kina jina na siku ya kuzaliwa. Upande wa kifo ulikuwa mtupu. Mwandishi wa ukoo aliketi kando yake na wino umeshasagwa. Mama tulimweka kwenye kiti cha magurudumu karibu na kizingiti. Bango lilisimama ukutani, limefunikwa kitambaa chekundu, na ngazi ilikuwa tayari chini ya mlango wa ndani. Bwana Fan alikuwa nyuma ya nguzo. Kila kamera ilipoinuliwa, nguzo ilinenepa kidogo.

Ilipofika saa tatu na nusu, Shaobo akasema kwa adabu kwamba labda sasa litundikwe.

"Hapana shaka, Babu," Jinzhan akajibu. "Ila kitu hakitundikwi humu bila wenye nyumba kuulizwa. Na anayeuliza ni wa kizazi cha juu kuliko wote waliopo. Ndiyo wewe."

Akampa vipande viwili vya mbao vya kuulizia mababu, vya umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine, mgongo, mviringo. Kila mtu kwetu anavijua. Unauliza swali, unavirusha sakafuni. Kimoja kikionyesha bapa na kingine mgongo, wahenga wamekubali, na kwa jambo kubwa lazima wakubali mara tatu mfululizo. Vyote vikionyesha mgongo, wamekataa. Vyote vikionyesha bapa juu, wanacheka. Hawajakubali, hawajakataa, wanacheka tu, na inabidi uulize tena.

Hapa ndipo penye msasa. Ni kweli kwamba wiki moja kabla, Jinzhan alivipiga msasa vipande vile. Vilikaa miaka minne katika ghala wakati wa ujenzi, panya wakavifanyia uchafu, na sisi si watu wa kuwapa mababu zetu kitu chenye kinyesi. Alisugua mgongo zaidi ya upande wa bapa kwa kuwa uchafu ulikuwa mgongoni, na kama tangu hapo vilipenda kulalia mgongo, hilo ni la panya. Mimi mwenyewe nilivishika nikavisifu. Anayesema vinginevyo na alete panya wake.

Shaobo alivitazama kama mtu aliyepewa kaa hai. Yeye ni mwanachama wa chama chao, alisema kwa sauti ya chini, na wanachama hawasali.

"Hakuna anayesali, Babu. Huu ni mkutano wa ukoo. Unawauliza wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria."

Basi akapiga magoti, akauliza kama bango litundikwe, akarusha. Bapa na bapa. Wanacheka. Akarusha tena. Wanacheka. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Watu wa uani, ambao hawakuona kitu, walikuwa wanatangaziwa na walioko mlangoni, na kila tangazo lilirudi na kicheko kikubwa zaidi. Ilipofika ya saba, mzee wa chaza alikuwa ameshikilia nguzo, ile ya Bwana Fan, anafuta machozi. Mama akaniambia baba mkwe wake hakucheka hata siku moja alipokuwa hai, na kumbe alikuwa anaweka akiba.

Shaobo alitoka uani kupiga simu. Alirudi uso umemwiva. "Mkuu wangu anasema niendelee kurusha mpaka wakubali."

Akaendelea. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Wakati huo nilikuwa nimeacha kucheka, kwa sababu nilitazama saa ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na mtaalamu wa majira alikuwa ameshaanza kukoroga gundi. Nikamtazama shemeji. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Nikaelewa kwamba mbinu yake ilikuwa imefanikiwa kuliko alivyotaka. Bango halikutundikwa wala halikukataliwa, kama serikali ilivyoagiza, na ndiyo maana tarehe ilikuwa bado mfukoni mwa kijana.

Akasogea, akatoa pendekezo la mwisho alilokuwa nalo. Bango likae humuhumu ukumbini, alisema, juu ya vigoda viwili, na kitambaa chake chekundu, mpaka wahenga wamalize kucheka. Babu anaweza kulipiga picha likiwa ndani ya ukumbi. Bwana Mkuu kutoka Taipei anaweza kuandika kwamba halikutundikwa. Kila mwaka, siku kama ya leo, ukoo utauliza tena. Bwana Fan alitoa kichwa nyuma ya nguzo, akafikiri, akasema hakuona neno lolote la kukataza hilo, kisha akarudi nguzoni. Lakini Shaobo alitikisa kichwa. Agizo lake lilikuwa neno moja, likishatundikwa. Aliomba radhi. Niliona kwamba alikuwa anaomba radhi kweli. Mtu aliyetumwa ana uso wake, hata akiwa na mafuta kichwani.

Saa nne na nusu. Jinzhan alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

Ndipo Mama akagonga kiti chake.

"Baba," aliita.

Hakuna aliyejua anamwita nani, mpaka alipomnyooshea kidole Shaobo. Kijana akamwendea, akainama.

"Bibi, ninasikitika sana..."

"Usiniite bibi. Mimi ni mkweo. Niliolewa na mwanao wa kizazi cha ishirini na tatu. Humu ndani wewe ndiye baba mkwe wangu, ingawa naona hata ndevu hazijakuota vizuri."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Ruichen naye ni mwanao," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma uzi. Nilimwambia awahi chakula cha jioni. Kosa hilo ni langu, nimelibeba miaka sabini na mitano, sikumpa mtu anisaidie. Lakini leo mlango unafungwa. Mtoto yuko nje, na baba yake amesimama hapa na karatasi mfukoni, anasubiri simu. Baba wa namna gani wewe?"

Gundi iliendelea kukorogwa. Shaobo aliangalia safu ya ishirini na tatu, ile nafasi ya vidole vinne. Aliangalia chini. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akampa Mama kwa mikono miwili.

Karatasi ilisema Weng Ruichen alifariki mwaka wa Chui Milia, mwezi wa tisa, siku ya nne. Mwaka mmoja tu kabla serikali haijaruhusu watu kwenda kuonana na ndugu zao. Nilimsomea Mama mara mbili. Alinirudishia karatasi, akanionyesha kwa kidole niipeleke kwa mwandishi.

Mwandishi alikuwa ameshaanza mstari wa kwanza simu ya Shaobo ilipolia. Kijana aliitazama ikilia, akatazama lile bango, kisha akamkabidhi Jinzhan ile simu kama anayekabidhi mtoto anayelia.

"Mjukuu wangu," alisema, "ongea na Mkuu."

Na hapo shemeji yangu akapata sauti yake. Aliongea dakika kumi nzima, nami nilikuwa kando yake, nikasikia kila neno. "Ndiyo, Mkuu, bango liko ukumbini. Mahali pazuri sana, kila anayeingia analiona. Kitambaa chekundu, ndiyo, kwa heshima. Wahenga? Wamefurahi, Mkuu. Nimeishi miaka sitini na sita, sijawahi kuwaona wanacheka namna hii. Babu Shaobo ndiye aliyewauliza mwenyewe, watu wote wameshuhudia. Hapana, hawakukataa, wangewezaje kukataa? Na nyumbani hamjambo? Na mama mzazi hajambo?" Mpaka anamaliza, yule bwana wa ng'ambo alikuwa amemweleza habari za magoti ya mama yake na kuomba kilo mbili za tambi. Katika maneno yale yote halikuwemo la uongo hata moja. Nawaachia wenye magazeti walitafute.

Mtu ataniuliza kama kijana aliadhibiwa. Sijui. Mwaka mpya ulipofika alituma kadi, amesaini "Babu yenu". Kazi yake bado ipo, au angalau muhuri ulikuwa wa ofisi ileile.

Kibao kiliingia rafuni ikiwa zimebaki dakika nane. Wino ulikuwa haujakauka vizuri, na Jinzhan alikishika kwa pembe kama anavyoshika tambi mbichi, akakipenyeza mahali pake, akarudi nyuma hatua moja, akabaki amesimama na mikono hewani. Mtaalamu wa majira alikuwa ananyanyua brashi ya gundi. Ndipo Mama aliposema tumsogeze karibu.

Tukamsukuma mpaka mbele ya kabati. Alikodoa macho kwenye safu ya ishirini na tatu, akasoma polepole, kwa sababu kusoma alijifunza ukubwani, kwa mume wangu.

"Nani amemweka karibu na Ruiting?" aliuliza.

Jinzhan alieleza kwamba ni kwa mpangilio wa kuzaliwa, Mama, Ruiting ndiye binamu anayemfuata.

"Hawa walikuwa hawasemezani. Walipigania bata. Ruichen aliapa hatakaa naye meza moja mpaka kufa."

Mtaalamu wa majira alitazama saa. Jinzhan alitazama kibao, akaanza kusema kwamba labda, kama ukoo ukikubali, na kwa kuwa muda bado upo kidogo, inaweza kutafutwa njia ya katikati. Mama alimkata kwa mkono.

"Waache hapohapo," alisema. "Hakuna wa kuhama. Watasemezana."

Kabati likafungwa.